Rika, Duara na Kitabu cha Viboko

Kanuni za viboko za Tanzania za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, na adhabu huandikwa kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko, jina la aliyechapa. Shule za Talatala na wilaya nzima ya Kyela zinafuata kanuni hizo sawa na za Dar es Salaam. Mtu mmoja tu hana nafasi katika kitabu hicho, naye ni aliyekosewa. Mtoto aliyeibiwa daftari au kutukaniwa mama hatajwi popote. Kosa limekuwa la shule, na shule imeshajilipa.

Wazee wa Kinyakyusa, wenyeji wa Kyela kando ya Ziwa Nyasa, wangeliona jambo hilo geni. Godfrey na Monica Wilson, watafiti walioishi Unyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja walitoka kwa baba zao wakajenga vibanda vyao kando. Walilala pamoja, na chakula walikifuata kwa makundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Waliita ukwangala maisha hayo ya kukaa vizuri na wenzako, na humo ndimo mtu alimojifunza busara. Ukimpiga mwenzako asubuhi, jioni mnanawa mikono kwenye chombo kimoja. Hata kwenye matambiko ya ukoo, wenye kinyongo walitakiwa kukitaja hadharani kwanza, kwa sababu hasira iliyomezwa iliaminika kuleta maradhi.

Mbali na Ziwa Nyasa, New Zealand ilitunga sheria mwaka 1989 iliyowaweka kijana mkosaji, jamaa zake na aliyekosewa katika kikao kimoja, nayo ilichota sana katika mila za Wamaori. Mwaka 1994, shule ya sekondari ya Maroochydore huko Queensland, Australia, ikaleta kikao cha namna hiyo shuleni. Maswali yake ni machache: nini kilitokea, nani aliumia, kifanyike nini ili mambo yakae sawa. Leo semina za walimu duniani kote zinafundisha maswali hayo, viti vikiwa vimepangwa duara na mwezeshaji akiwa na kalamu zake za rangi.

Mfanano huo umewafanya wengi waseme maridhiano ni mila yetu, turudi tu. Mimi sikubali upesi hivyo. Unyakyusa palikuwa na imani ya pumzi ya watu: majirani wakinung'unika juu ya mkosaji, baridi humwingia akaugua. Maridhiano yalisukumwa na upendo, na yalisukumwa vilevile na woga. Aliyedhaniwa mchawi alilazimika kuhama kijiji. Wasichana, kwa upande wao, hawakuwa na vijiji vya rika. Mwalimu akiunda duara darasani bila kuyajua hayo, anaweza kuunda mahali pa watoto thelathini kumsuta mmoja hadi alie, kisha akaandika kwenye ripoti kwamba wamepatana.

Pwani wana njia nyingine. Sulhu ya Waislamu wa Unguja au Mombasa hupita kwa msuluhishi anayekwenda upande huu, akarudi upande ule, akichuja maneno makali njiani. Stara ya mtu hulindwa, na si lazima aibu yake ianikwe mbele ya watu. Wanyakyusa walitaka hasira itamkwe. Sulhu mara nyingi hutaka ipoe kabla ya kutamkwa. Naona mwalimu anahitaji zote mbili, na ujuzi wa kutambua ni mtoto yupi afaa duara na yupi afaa kuitwa pembeni na mwalimu wa malezi.

Tatizo kubwa liko kwa mwalimu mwenyewe. Kijiji cha rika kilikuwa cha watu sawa. Shule si hivyo. Mwaka 2016, katika sekondari ya kutwa ya Mbeya, walimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha walirekodiwa wakimpiga mwanafunzi kwa ngumi na mateke ndani ya ofisi ya walimu. Walifukuzwa vyuoni. Hao walikuwa bado wanasomea kazi, na kanuni za viboko vinne zilikuwapo. Mwanachuo akitoka chuo cha ualimu cha Mpuguso, pale Rungwe, kwenda mazoezini, hufundishwa zaidi na anayoyaona ofisini kuliko yaliyomo kwenye muhtasari.

Majaribio ya kubadili nidhamu shuleni nayo yanaonyesha uzito wa walimu. Luwero, Uganda, shule 42 zilishirikishwa katika utafiti wa mpango wa shirika la Raising Voices, uliogusa shule nzima kuanzia kwa mkuu hadi kamati za wanafunzi. Matokeo ya 2015 yalionyesha hatari ya mwanafunzi kupigwa na watumishi wa shule imepungua kwa asilimia 42. Pittsburgh, Marekani, shule 44 zilifuatiliwa kwa miaka miwili, nusu yake zikitumia mbinu za maridhiano. Kusimamishwa masomo kulipungua, na walimu walisema hali ya shule imekuwa nzuri. Wanafunzi hawakusema hivyo, na alama za madarasa ya kati zilishuka. Walimu waliona amani ambayo watoto hawakuiona.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaopanga MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, wilayani Kyela. Vikao vya kwanza visihusu utovu wa nidhamu wa wanafunzi. Walimu waanze na ugomvi wao wenyewe, wa zamu, wa vipindi, wa lugha ya mkuu wa shule, wakae wautatue kwa maswali yaleyale matatu, mkuu naye akijibu kama wengine. Kikao kinachofuata kihusu mwanafunzi aliyeonewa na mwalimu. Na ukurasa mmoja uongezwe kwenye kitabu cha viboko, wa jina la aliyekosewa na alichorudishiwa. Hilo halihitaji bajeti wala kusubiri kanuni mpya.