Kutoka Kiungani hadi Blogu: Mwanafunzi na Haki ya Kuhariri

Mwaka 1888, katika Chuo cha Mtakatifu Andrea kilichokuwa Kiungani, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, lilianza kutolewa gazeti dogo lililoitwa Msimulizi. Lilikuwa gazeti la misheni ya UMCA, na wasomaji wake karibu wote walikuwa watu waliopita katika madarasa yale yale: vijana wa chuo chenyewe, na wenzao waliokwisha kuondoka kwenda kufundisha Magila, Masasi na vituo vingine vya bara. Walioandika humo waliandika kama watu wanaojuana. Hata hivyo kuchapishwa kulibadili uandishi wao. Barua inayosomwa na rafiki mmoja huvumilia mengi. Barua inayosomwa na vituo vyote inambidi mwandishi afikiri juu ya msomaji asiyemwona.

Inafaa kuanzia hapo, kwa kuwa historia ya mwanafunzi wa Kiswahili na intaneti kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mitambo: nyaya zilizotandazwa chini ya bahari, kompyuta zilizofikishwa shuleni, idadi ya waliojiunga. Hayo yana mahali pake. Lakini swali lililo zito zaidi lina umri mkubwa kuliko kompyuta, nalo ni lini mwanafunzi huruhusiwa kuwa mwandishi, nani humfungulia mlango huo, na maandishi yake hukaa wapi baada ya yeye kumaliza masomo.

Serikali ya kikoloni ilijibu kwa tahadhari. Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mjini Dar es Salaam mnamo Januari 1923, lilikuwa gazeti na shule kwa pamoja. Walimu na makarani walilipelekea barua na mashairi, na Shaaban Robert ni miongoni mwa waliochapishwa humo. Mtu alijifunza kuandika kwa kuona kilichopokewa na kilichotupwa, na aliyepokea au kutupa alikuwa mhariri aliyelipwa na serikali. Haitakuwa haki kumfanya mhariri huyo kuwa adui wa mwanafunzi. Wengi waliofundwa kwa njia hiyo waliandika Kiswahili ambacho leo ni adimu. Ila mlango ulikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa na mwajiri. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya Erica Fiah kuanzisha Kwetu, mwaka 1937, gazeti lililomilikiwa na Mwafrika mwenyewe.

Zana za mwanzo za Kiswahili kwenye intaneti zilijengwa mbali na pwani. Mradi wa Kamusi ulianza mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale, chini ya Martin Benjamin, na ukawaalika watu wa kujitolea kuchangia maneno na maana zake wakati ambapo fikra ya kamusi inayoandikwa na wasomaji wake ilikuwa bado ngeni. Katika Chuo Kikuu cha Georgia, Lioba Moshi, msomi kutoka Tanzania, aliongoza utungaji wa masomo yaliyoitwa Kiswahili kwa Kompyuta, maarufu kwa jina la KIKO. Hizi zilikuwa kazi nzuri, na bado ni sehemu ya historia ambayo Waswahili wa ughaibuni wana haki ya kujivunia. Hata hivyo mwanafunzi aliyelengwa zaidi na zana kama hizo alikuwa yule wa Marekani aliyejifunza Kiswahili kama lugha ya kigeni. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye lugha ni yake, alipofungua kompyuta alikuta kila amri imeandikwa kwa Kiingereza.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, iliyotokana na mradi wa Kilinux. Kazi kubwa ya watafsiri wa namna hiyo ilikuwa kuyapa maneno yaliyokuwepo majukumu mapya. Faili lilikwisha kuwa Kiswahili cha makarani tangu zamani. Hifadhi ilitoka katika stoo na maktaba. Na neno hariri, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kazi ya mtu mmoja aliyeketi katika chumba cha gazeti, likawa amri ambayo yeyote mwenye kipanya angeweza kuibonyeza. Wachache waliliona jambo hilo kuwa la maana wakati ule. Kwa mwanafunzi lilikuwa na maana kubwa.

Mwaka huohuo wa 2004 Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani na ambaye jina lake lilijulikana kwa wasomaji wa magazeti nyumbani, alianza kuandika blogu kwa Kiswahili na kuiita Jikomboe. Jina lilikuwa hoja tosha. Zana alizozitumia hazikuwa za siri: huduma ya bure ya Blogger ilikuwapo tangu 1999, na WordPress ilikuwa imetoka mwaka 2003. Jambo jipya lilikuwa kuionyesha lugha yenyewe mahali ambapo wengi waliamini kuwa mtu asiye na Kiingereza hana cha kufanya. Aliwasihi wengine waanzishe zao na kuwaelekeza jinsi ya kufanya hivyo. Mnamo Septemba 2005, wakati wa mkutano wa kimataifa uliofanyika Helsinki, alimsaidia mpigapicha Issa Michuzi kufungua blogu ambayo baadaye ilikuja kuwa moja ya kurasa zilizosomwa mno na Watanzania wa nje na ndani. Hata jina la kitu chenyewe lilikuwa bado linatafutwa: wengine walisema blogu, wengine wakapenda gazeti tando, na katika jina hili la pili ile historia ya Kiungani na ya Idara ya Elimu inasikika bado.

Kiswahili kilikuwa na bahati moja ambayo haisemwi vya kutosha. Hati yake ya Kilatini haina alama za juu wala za chini ya herufi. Mwandishi wa Kiyoruba wa miaka ile ilimbidi achague kati ya kuandika bila alama za toni na kupigana na fonti. Mwandishi wa Kiswahili alikaa mbele ya kibodi ya kawaida na kuanza. Bahati hiyo ilikuwa na gharama yake, kwani hati ya Kiarabu, iliyobeba tenzi za Lamu na Pate kwa karne nyingi, haikupata nafasi katika kurasa hizo mpya, na mwanafunzi wa madrasa aliyeimudu hakuhesabiwa kuwa anajua kuandika.

Mwanafunzi wa chuo aliyefungua blogu mwaka 2006 alijifunza nini hasa? Kwanza alijifunza subira. Mwaka ule Tanzania ilikuwa katika mgao mkali wa umeme kutokana na ukame uliopunguza maji ya mabwawa, na intaneti kafe ililipiwa kwa muda. Anayelipia dakika haandiki mbele ya skrini. Ilikuwa busara kuandika kwanza kwenye daftari, kufuta na kupanga, kisha kwenda kunakili haraka, na rasimu hiyo ya mkono ikafanya kazi ya mhariri ambaye hakuwapo. Pili, alijifunza kiungo. Katika insha ya shule aliweza kusema kwamba wataalamu wanasema, na mwalimu akapita bila kuuliza. Katika blogu msomaji alitarajia kubonyeza na kumwona mtaalamu huyo. Kiungo kisichofunguka kilikuwa aibu ya wazi. Huenda hakuna somo la utafiti katika mtaala wowote lililofundisha kutaja chanzo kwa ukali na kwa upesi kama huo.

Tatu, na hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu, alijifunza kukaa na maoni. Chini ya kila andiko palikuwa na nafasi ya msomaji kujibu, tena mara nyingi bila jina. Mwalimu husahihisha kwa wino mwekundu na mambo yakaishia kwenye daftari. Msomaji asiye na jina husahihisha mbele ya kadamnasi, wakati mwingine kwa elimu, wakati mwingine kwa matusi. Kuna waliofunga nafasi ya maoni, na waliojibu kila neno hadi wakachoka. Waliodumu ni wale waliojua kutofautisha aliyekosoa hoja na aliyekuja kutafuta ugomvi. Katika baraza za pwani kijana hupata ujuzi huo polepole, akisikiliza wazee miaka kadhaa kabla ya kusema. Blogu ilimpa nafasi ya kusema siku ya kwanza.

Yote haya yalifanyika nje ya mfumo wa elimu. Tanzania hufundisha sekondari na vyuo kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na sera ikabaki kwenye karatasi. Basi kijana aliyeeleza uchumi au biolojia kwa Kiswahili katika blogu yake alikuwa akifanya tafsiri ambayo hakuna mtahini aliyemwomba na ambayo haikumpa alama hata moja. Aliyetafuta neno la Kiswahili la dhana aliyofundishwa asubuhi kwa Kiingereza alilazimika kwanza kuielewa dhana. Wanaoshangaa kwa nini wanafunzi hukariri wangefaidika kwa kuangalia kilichotokea pale walipoacha kukariri kwa hiari yao.

Mahali palipoipa kazi hiyo umbo la kudumu ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Humo neno hariri limo juu ya kila makala, na mgeni halazimiki kuomba ruhusa. Msamiati wake una utamu wake: makala fupi isiyotimia huitwa mbegu, na wasimamizi huitwa wakabidhi. Kati ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, la kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili na kushindania zawadi. Makala zilimiminika. Nyingi zilikuwa tafsiri kutoka Kiingereza, na kati ya hizo zilikuwamo ambazo mtafsiri wake alikuwa mashine zaidi ya mwanafunzi: sentensi zilizosimama kwa miguu ya Kiingereza, ngeli zilizogongana. Shindano lilipokwisha, wengi wa washiriki walikwisha nalo, na kazi ya kupalilia ikabaki kwa wakabidhi wachache wa kujitolea.

Ni rahisi kulicheka shindano hilo, lakini kulicheka kunapoteza somo. Zawadi ilihesabu wingi, na wanafunzi waliupeleka wingi. Hilo ni kosa la kipimo. Mambo Leo liliwapa waandishi wake kitu ambacho kompyuta ya zawadi haiwezi kukitoa, yaani uhakika kwamba mtu fulani, mwezi ujao, atafungua ukurasa na kuwatafuta. Blogu ndogo yenye wasomaji ishirini waaminifu ilikuwa nacho. Makala iliyotafsiriwa usiku wa mwisho wa shindano haikuwa nacho. Pamoja na hayo, miongoni mwa mbegu hizo zimo zilizokua, na zimo zilizo chanzo cha kwanza ambacho mtoto wa shule hukutana nacho leo anapotafuta kwa Kiswahili habari za nchi ya mbali au ugonjwa.

Julai 2009 kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam na Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kasi iliongezeka. Lakini kasi ilikuja pamoja na Facebook na baadaye WhatsApp, ambako maandishi hupita kama maji ya mvua mtaroni. Aliyekuwa akiandika kurasa tatu kwa wiki akaanza kuandika mistari mitatu kwa saa. Blogu nyingi za wanafunzi zilinyamaza hivyo, bila aliyezizima.

Zilizobaki zilikutana na sheria. Machi 2018 Tanzania ilitoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu ajisajili na kulipia leseni. Ada zote pamoja zilizidi shilingi milioni mbili. Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa mashuhuri la mijadala, lilifungwa kwa muda kutokana na masharti hayo. Serikali ilieleza kuwa inalinda jamii dhidi ya uchochezi na uongo, na hakuna asiyejua kuwa vyote viwili vimo mtandaoni. Ila ada moja kwa kampuni ya habari na kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili anayeeleza fasihi simulizi haiwezi kuwa ada moja kwa uzito. Mlinzi wa mlango alirudi, na safari hii hakujishughulisha hata kusahihisha insha.

Limebaki suala la hifadhi. Matoleo ya Msimulizi yamefika hadi leo kwa sababu misheni ilitunza karatasi zake, na kumbukumbu za UMCA zimo katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Blogu za mwaka 2005 hazikuwa na misheni. Yahoo ilipoifunga GeoCities mwaka 2009, ilionekana wazi kwamba ukurasa wa bure ni wa mwenye seva. Mahali pengi ambapo vijana wa Kiswahili waliandika insha zao za kwanza sasa hapafunguki. Kwingine ukurasa upo lakini picha zimetoweka, au mwenyewe amesahau nywila na hawezi hata kurekebisha kosa la tahajia la miaka ya ishirini yake. Internet Archive imenasa baadhi, bila mpangilio ambao mtafiti wa Kiswahili angeuchagua.

Wikipedia hufanya vingine. Kila makala ina ukurasa wa historia, na historia hiyo haifutiki kwa kurekebishwa. Anayefungua makala ya majira ya shindano lile huona jina la mtumiaji aliyeianzisha, tarehe na saa, idadi ya baiti alizoongeza, kisha, mstari baada ya mstari, mikono iliyofuata ikinyoosha ngeli na kung'oa maneno yaliyosahauliwa kwa Kiingereza. Majina mengi kati ya yale ya mwanzo hayaonekani tena baada ya Februari 2010. Machache yanaendelea kuonekana katika miaka iliyofuata, yakirudi kwenye makala zile zile na kuzihariri.