Kelele na Kizingiti: Historia Fupi ya Lango la Kelele katika Gitaa la Umeme

Sisi walimu wa lugha tunafahamu kwamba usemi haukamiliki kwa maneno peke yake. Msomaji asiyejua kutua huichafua hata sentensi nzuri, na vituo katika maandishi vimewekwa ili kimya nacho kipate nafasi yake. Katika muziki mambo ni yale yale. Mpigaji hodari hujulikana kwa sauti anazozitoa, na pia kwa namna anavyozikatiza.

Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi wapigaji wa gitaa la umeme walivyokipoteza kimya hicho, na jinsi mafundi walivyohangaika kukirudisha, mpaka ikapatikana pedali ndogo ya kukanyagwa kwa mguu ambayo tutaiita lango la kelele. Jambo hili lina faida kwa wasomaji wetu. Miongoni mwa wanafunzi wetu wamo vijana wanaopiga gitaa makanisani na katika bendi, na pedali hizi hazipatikani kwa fedha kidogo. Mtu anayeinunua bila ya kujua ilitoka wapi aweza kununua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Asili ya mvumo

Gitaa la kawaida hupata sauti yake kutokana na tumbo lake la mbao. Sauti hiyo yatosha barazani, lakini katika bendi za dansi za Marekani za miaka ya 1920 na 1930 ilimezwa na tarumbeta na ngoma. Mwaka 1931 George Beauchamp, akishirikiana na Adolph Rickenbacker huko Los Angeles, alitengeneza gitaa la kulazwa mapajani lililotumia umeme. Lilianza kuuzwa mwaka 1932, na kwa kuwa umbo lake lilikuwa la mviringo wenye mkono mrefu, watu walilitania kwa kuliita Kikaango. Hataza yake ilitolewa mwaka 1937.

Kanuni yake ni rahisi. Chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku, na pamoja na sumaku hiyo huwekwa koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara maelfu. Uzi ukitikisika huitikisa nguvu ya sumaku, na katika koili huzaliwa umeme mdogo sana unaofuata mtikisiko huo. Umeme huo hupelekwa kwenye kikuza sauti, na kutoka hapo kwenye spika. Kifaa hicho cha sumaku na koili huitwa pikapu.

Lakini koili haina akili ya kuchagua. Hupokea mtikisiko wa uzi, na hupokea vile vile nguvu za sumaku zinazotoka katika transfoma, katika taa za mirija, na katika nyaya za umeme zilizopita ukutani. Umeme wa majumbani hugeuka mwelekeo wake na kurudi mara 60 kwa sekunde huko Marekani, na mara 50 kwa sekunde katika nchi zetu za Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi, kama ilivyo pia Kenya na Tanzania. Mageuko hayo ndiyo yanayosikika katika spika kama mvumo mzito usiokoma.

Huenda msomaji akauliza, je, kwa nini mvumo huo usichujwe tu? Hapa pana taabu kubwa. Mvumo wa umeme hauji peke yake, bali huja pamoja na sauti zilizo mara mbili yake, mara tatu yake, na kuendelea. Mara mbili ya 50 ni 100, na noti ya G inayopatikana katika kituo cha tatu cha uzi mnene wa gitaa hutikisika mara 98 kwa sekunde. Basi chujio la kuondoa mvumo huo lingeweza kuondoka na noti yenyewe. Adui amevaa nguo za mwenyeji.

Koili mbili

Jibu la kwanza lenye nguvu lilitafutwa pale pale mvumo unapoingilia. Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, alibuni pikapu yenye koili mbili zilizokaa bega kwa bega. Koili ya pili ilielekezwa kinyume cha ile ya kwanza, na sumaku yake nayo ikageuzwa. Kwa mpango huo umeme unaotokana na uzi hujumlishwa, kwa sababu kinyume mara mbili hurudi kuwa sawa. Lakini mvumo unaotoka nje, ambao haujali sumaku za gitaa, huingia katika koili hizo kwa pande mbili zinazopingana na kujifuta wenyewe. Maombi ya hataza yalipelekwa mwaka 1955, magitaa yenye pikapu hizo yakaanza kuuzwa mwaka 1957, na hataza ikatolewa mwaka 1959. Karibu na wakati huo huo Ray Butts alibuni pikapu ya namna hiyo iliyotumiwa na kampuni ya Gretsch.

Hata hivyo, si wapigaji wote waliohama. Pikapu ya koili moja, kama zile tatu zilizomo katika gitaa la Fender Stratocaster lililotoka mwaka 1954, ina sauti nyembamba na angavu ambayo wengi waliipenda kuliko utulivu. Wao waliuchukua mvumo kuwa ni kodi ya sauti waliyoitaka.

Sauti kali na gharama yake

Katika miaka ya 1960 kodi hiyo ilipanda. Mwaka 1962 ilianza kuuzwa pedali ya Maestro Fuzz-Tone iliyoifanya sauti ya gitaa ikwaruze kwa makusudi, na mwaka 1965 kundi la Rolling Stones la Uingereza liliitumia katika wimbo wao wa “Satisfaction”, ukavuma duniani. Mjini London, Jim Marshall naye alikuwa ameanza mwaka 1962 kutengeneza vikuza sauti ambavyo baadaye vilisifika kwa ukali wao.

Kikuza sauti hakijui lipi ni la kukuzwa na lipi la kuachwa. Ukiikuza noti mara mia, mvumo umeukuza mara mia vile vile, pamoja na ule mchachariko mwembamba, kama mvua juu ya majani ya mgomba, unaozalishwa na vyombo vyenyewe. Noti inapolia, sikio hushughulika nayo na kelele hufichika chini yake. Noti ikikoma, kelele hubaki uwanjani peke yake.

Lango na kizingiti

Jibu la pili lilitoka nje ya gitaa. Redio za mawasiliano, kama zile za polisi, zilikuwa tangu zamani na mtambo wa kunyamazisha spika wakati hakuna anayezungumza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Paul Buff wa Marekani alitengeneza kwa ajili ya studio za muziki chombo kilichoitwa Kepex, kilichofanya kazi ya namna hiyo kwa ustadi zaidi.

Hapa Kiswahili chatusaidia sana. Lango hilo lina kizingiti, yaani kiwango cha sauti kilichowekwa na fundi. Sauti yenye nguvu ya kukivuka kizingiti hulikuta lango limefunguliwa. Sauti iliyo dhaifu hulikuta limefungwa. Maneno hayo tunayo majumbani mwetu, na mwanafunzi hahitaji kufafanuliwa zaidi ya kuoneshwa mlango wa darasa.

Studio zilipolipata lango hili zililitumia kwa mambo ambayo si ya kufukuza kelele tu. Mwaka 1977, katika studio ya Hansa mjini Berlin, Tony Visconti alimrekodi David Bowie akiimba “Heroes” mbele ya maikrofoni tatu: moja karibu naye, ya pili mbali kidogo, na ya tatu mbali zaidi ukumbini. Zile mbili za mbali zilikuwa na malango, ambayo yalifunguka pale tu mwimbaji alipopaza sauti. Kadhalika katika albamu ya Peter Gabriel ya mwaka 1980, fundi Hugh Padgham na mpiga ngoma Phil Collins waliuacha mwangwi mkubwa wa ngoma ulie, kisha wakaukata ghafla kwa lango. Ukataji huo ukawa mtindo wa miaka ya 1980. Chombo cha ulinzi kiligeuka kuwa chombo cha sanaa.

Kuichagua pedali

Malango madogo ya kukanyagwa kwa mguu yalikuwako tangu miaka ya 1970. Mwaka 1987 kampuni ya Boss ya Japani ilitoa pedali ya NS-2, ambayo ilikuwa na njia ya kutoka na kurudi. Mpigaji huziweka pedali zake za sauti kali katika njia hiyo, na lango husikiliza gitaa lenyewe kabla halijakwaruzwa. Faida yake ni hii: mlinzi anayemtazama mgeni kabla hajavaa kofia na miwani humtambua upesi. Sauti ya gitaa tupu huonyesha wazi mahali noti inapoanza na inapokoma. Sauti iliyokwisha kukwaruzwa huvificha vyote viwili.

Kwa hiyo anayetaka kuchagua yafaa aulize maswali kwa kufuata utaratibu wa historia yenyewe. Kwanza, je, kelele yatoka wapi? Ikiwa yabadilika mpigaji anapogeuka upande mwingine, chanzo ni pikapu na nguvu zilizomo chumbani. Asogee mbali na transfoma na taa, au atumie koili mbili. Ikiwa yakatika waya wa gitaa unapotikiswa, waya ndio mbovu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na lango ni ukuta wa gharama. Pili, ikiwa kelele yatokana na ukali wa sauti aitakayo, hapo ndipo lango linapostahili, na lenye njia ya kutoka na kurudi litamfaa zaidi mwenye pedali nyingi. Tatu, je, pedali ina kirekebisho cha mwendo wa kufunga, au ina kizingiti tu? Bila ya kirekebisho hicho, lango linaloufaa muziki wa mikato ya ghafla laweza kuuharibu wimbo wa taratibu.

Hili la tatu ndilo zito kuliko yote. Lango halisafishi sauti. Likiwa wazi, kelele hupita pamoja na noti. Likifungwa, huzuia vyote viwili. Kizingiti kikiwekwa juu mno, mwisho wa noti, pale inapofifia polepole, huhesabiwa kuwa kelele na hukatwa. Sisi walimu twalijua kosa la namna hiyo. Yuko mwanafunzi asemaye kwa sauti ndogo, tena hutua katikati ya wazo lake. Na yuko mwalimu ambaye, kwa kupenda utulivu wa darasa, hudhani amekwisha kusema, akamwita mwingine. Darasa hutulia kweli, lakini jibu limepotea.

Basi vijana wetu na wakishushe kizingiti mpaka kelele ianze kupenya, kisha wakipandishe kidogo kidogo mpaka inyamaze, wakome hapo hapo. Halafu wapige noti moja, waiache ife yenyewe, na wasikilize kama imefika mwisho wake. Ni matumaini yetu kwamba walimu wenzetu watayatumia maneno lango, kizingiti na mvumo katika masomo yao, ili mwanafunzi aingiapo dukani awe na lugha ya kuulizia kile anachokihitaji.