Unageuza nalo? Historia ya kungoja basi Dar es Salaam

Mtu anayefanya kazi Posta na kulala Gongo la Mboto ana hesabu zake za jioni. Akisimama kituoni kama mstaarabu, gari litafika limeshajaa. Waliokaa wamelipanda vituo viwili vitatu nyuma, lilipokuwa bado linaingia mjini. Basi naye anarudi nyuma kwa miguu, anapanda gari linaloelekea asikokwenda, analipa nauli hadi mwisho wa ruti, analipa tena ya kurudi, kisha anapita mbele ya kituo chake mwenyewe akiwa ameshika dirisha, anawatazama wenzake wanavyosukumana. Huko ndiko kugeuza na gari. Mgeni akiambiwa hivyo hucheka, kwa sababu haimwingii akilini kwamba mtu mzima anaweza kulipia safari asiyoihitaji ili apate pa kuweka makalio.

Sisi tumezoea. Lakini mazoea hayo yana umri, na yalianza kabla daladala hazijazaliwa.

Wazee wa Kariakoo bado wanaitaja DMT, yaani Dar es Salaam Motor Transport, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 chini ya Waingereza. Ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: safari za mikoani zikaenda KAMATA, za mjini zikabaki kwa Usafiri Dar es Salaam, UDA. Fikra yenyewe haikuwa mbaya. Mji ni wa wananchi, basi ni la wananchi, nauli iwe ya wananchi. Tatizo ni kwamba wananchi waliongezeka kuliko mabasi. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 270,000 Dar es Salaam, ile ya 1978 ikakuta kama 840,000. Katika miaka hiyo hiyo mafuta yalipanda bei mara mbili, mwaka 1973 na 1979, na katikati yake tukapigana vita vya Kagera. Nauli ilipangwa na serikali na haikuruhusiwa kupanda kama ilivyopanda dizeli. Fedha za kigeni hazikuwepo, na basi halitengenezwi kwa shilingi ikiwa spea inatoka nje. Likiharibika, linawekwa juu ya mawe uani, linachomolewa hiki na kile ili jingine litembee, na siku moja hata hilo jingine linalifuata.

Waliokuwa na umri wa kutosha watakutajia Ikarus kutoka Hungary, lile basi refu lililounganishwa katikati, ambalo wajanja walilibatiza kumbakumba. Likitokea, lilikumba kweli kituo kizima. Kazi ilikuwa kulisubiri litokee.

Palipo na watu wa kusubiri, biashara haikosi kuchungulia. Watu wenye pikapu na vigari vya mizigo walianza kubeba abiria kwa kuibia, jicho moja kwa askari. Walifunga mabenchi nyuma, abiria wakakaa wakitazamana magoti kwa magoti, na magari ya aina hiyo yakaitwa chai maharage. Sijawahi kupata maelezo ya jina hilo yanayoniridhisha. Kila mzee ana lake, na kila mmoja anaapa.

Mwaka 1983 serikali ilisalimu amri. Edward Sokoine, Waziri Mkuu, ndiye anayekumbukwa kwa hatua hiyo ya kuruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria mjini. Ajabu yake ni kwamba ulikuwa mwaka ule ule wa msako wa wahujumu uchumi, ambapo mfanyabiashara mwenye sabuni nyingi stoo alilala macho wazi. Sokoine mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, Aprili 1984, kabla hajaona alichokifungulia mlango.

Nauli ilikuwa shilingi 5. Sarafu ya shilingi 5, ile kubwa ya kona kona, mtaani iliitwa dala. Makonda wakawa wanaita wakining'inia mlangoni: dala, dala! Kiasi cha fedha kikageuka jina la gari, na jina limedumu wakati sarafu yenyewe haikununulii leo hata pipi.

Gari sasa lilikuja. Ila halikuondoka mpaka lijae, na likijaa halikujaa.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanapomlaumu konda kwa ulimi wake na suka, yaani dereva, kwa mguu wake. Neno la kulitazama ni hesabu. Mwenye gari hamlipi suka mshahara. Anamkabidhi ufunguo alfajiri na usiku anataka hesabu yake, kiasi kilichokubaliwa, mvua inyeshe jua liwake. Mafuta ni juu ya suka, faini za barabarani ni juu ya suka. Kinachobaki ndicho anachogawana na konda, na siku nyingine pia na deiwaka aliyemshikia usukani saa mbili ili akale. Ukilijua hilo, kila kero ina maelezo yake. Anangoja kituoni kwa sababu siti tupu ni hasara yake peke yake. Anakatisha ruti kwa sababu mwisho wa ruti saa hiyo hakuna mtu. Anakimbizana na mwenzake kwa sababu abiria wa kituo kinachofuata ni wa atakayetangulia. Mpigadebe naye anataka chake kabla gari halijatoka.

Na mwanafunzi? Mwanafunzi analipa nauli pungufu iliyowekwa na serikali, na pengo hilo halilipwi na serikali. Linalipwa na hesabu. Nilisoma shule iliyokuwa safari ya magari mawili kutoka nyumbani, na mpaka leo naukumbuka mkono wa konda mmoja, umewekwa kama kizuizi cha reli mlangoni, vidole viwili juu: "Wanafunzi wawili tu!" Tulikuwa kumi na tano hivi. Tukajifunza kuvaa sweta juu ya sare, mpaka shingoni, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Konda hakudanganyika. Kwa joto lile, aliyevaa sweta hakuwa mwingine ila mwanafunzi.

Vipanya vikaja, DCM zikaja, kisha Costa, na magari yakapakwa mistari ya rangi ili ruti ijulikane hata kwa asiyesoma. Mwaka 2012 zikaanza treni za mjini, watu wakaziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri aliyezisimamia. Hesabu haikuguswa.

Mei 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi: kilomita 20.9 za njia yao peke yao, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Daladala zikaondolewa Barabara ya Morogoro. Miezi ya mwanzo watu walipiga picha ndani ya basi. Foleni ya Ubungo, iliyokuwa ikila saa mbili za maisha ya mtu kila asubuhi, ukaipita ukiitazama kwa dharau. Lakini karakana ilijengwa Jangwani, bondeni kabisa, mahali ambapo jina lenyewe halikutuambia kitu ila Mto Msimbazi ulituambia: mvua kubwa zilipokuja, mabasi yakasimama ndani ya maji. Na abiria wakaongezeka kuliko mabasi, jambo ambalo mtu wa DMT angelitambua mara moja.

Mwezi uliopita, saa kumi na moja na nusu jioni, nilipanda kituo cha Fire kuelekea Kivukoni. Muda huo mji mzima unatoka, si kuingia, lakini siti zote zilikuwa na watu. Pembeni yangu alikaa dada mmoja na mtoto aliyelala mapajani, kiatu kimoja mguuni, kingine ndani ya mfuko wa mama.

"Unashuka Kivukoni, dada?"

"Hapana kaka yangu, naenda Kimara. Nageuza nalo."

"Si huwa wanashusha wote mwisho?"

"Wakitushusha tunashuka," akasema, akamvuta mtoto karibu. "Wakijisahau, tunageuza."