Bei ya Parachichi Hukatwa Rotterdam

Uholanzi haina mashamba ya maparachichi, lakini kwa thamani ya mauzo ya nje imo juu kwenye orodha ya wauzaji wa tunda hilo duniani, jirani na Mexico na Peru. Matunda hushushwa bandari ya Rotterdam, hupelekwa kwenye maghala ya Barendrecht na Maasdijk, kisha hupakiwa kwenye malori kuelekea Ujerumani, Ufaransa na nchi za Skandinavia. Anayetaka kujua kwa nini mkulima wa Kandara nchini Kenya au Rungwe nchini Tanzania kalipwa alicholipwa, aanzie huko kisha arudi nyuma hadi shambani.

Biashara yenyewe haina umri mkubwa. Kwa miongo kadhaa soko la Ulaya lilikuwa mikononi mwa wawili. Israel, kupitia shirika la Agrexco lililoanzishwa 1956 na chapa yake ya Carmel, ilileta matunda wakati wa baridi. Afrika Kusini ilijaza miezi ya joto, kutoka mashamba ya Limpopo kama Westfalia, ambalo mwanajiolojia Hans Merensky alilinunua mwaka 1929. Mwaka wa Ulaya uligawanyika vipande viwili, na kila mmoja alikula kipande chake bila kusukumana sana na mwenzake. Tunda lilikuwa la wenye nazo, na bei yake ilikuwa ya kianasa.

Wanunuzi walihitaji kufundishwa. Nchini Uingereza maduka ya Sainsbury's husema yalileta maparachichi mwaka 1962, Marks and Spencer nao hujitaja kuwa wa kwanza, mwaka 1968. Sitaingia kwenye ugomvi huo. Kinachosimuliwa ni kwamba lebo ililiita tunda aina ya pea, na mteja akaenda kulichemsha na kulila na kastadi. Duka likalazimika kuweka vikaratasi vya maelezo: likate, toa kokwa, tia chumvi.

Siku hizo tunda lililotamba lilikuwa Fuerte, la ganda laini la kijani linaloonyesha kila mchubuko. Lililokuja kulipiku lilianzia uani kwa mtu wa posta wa California, Rudolph Hass, aliyepata hataza ya mti wake mwaka 1935. Ganda la Hass ni gumu na huwa jeusi linapoiva, hivyo michubuko ya safari haionekani. Huko Murang'a, Kenya, wakulima wengi wakaikata miti ya zamani na kuibebesha vikonyo vya Hass, kwa kuwa mnunuzi wa Fuerte alikuwa anazidi kushusha bei.

Mageuzi makubwa zaidi hayakutokea shambani. Zamani mteja alinunua tunda gumu kama jiwe, akalisubiri nyumbani, na mara nyingi likamwozea. Miaka ya 1980 huko California mfanyabiashara Gil Henry alieneza mbinu ya kulifungia tunda chumbani pamoja na gesi ya ethilini, ili lifike dukani likiwa karibu kuliwa. Maghala ya Uholanzi yaliichukua mbinu hiyo na kuiendeleza. Kwa maoni yangu hapo ndipo nguvu ya bei ilipohama. Mwenye chumba cha kuivisha ndiye anayejua tunda lipi litauzwa Alhamisi, na supamaketi haiwezi kumruka ikaongea na mkulima moja kwa moja.

Soko la jumla hutaja bei kwa boksi la kilo 4. Namba iliyopigwa ubavuni ni idadi ya matunda: 18 maana yake yamo 18, kila moja gramu 200 na ushee; 12 ni makubwa; 24 ni madogo, ambayo aghalabu huishia kwenye vifuko vya wavu. Mkulima aliyeuzia dalali kwa tunda moja moja hajui mzigo wake uliangukia namba ipi, wakati huko mbele kila namba ina bei yake.

Tena mara nyingi mwagizaji hanunui. Anapokea mzigo, anauza, anakata kamisheni inayokaribia asilimia 8, gharama za bandari, ghala la baridi, uivishaji na uchambuaji wa yaliyoharibika, kisha anamtumia msafirishaji hesabu ya kilichobaki. Likitokea dai la ubora, msafirishaji aliyeko Thika hana namna ya kuyaona matunda yanayolalamikiwa, isipokuwa kwa picha.

Kalenda nayo ina lake. Miradi ya umwagiliaji katika jangwa la pwani ya Peru iliivusha nchi hiyo hadi ikauza nje zaidi ya tani laki tano mwaka 2022, nyingi zikifika Ulaya kati ya Mei na Agosti. Msimu huo soko lilifurika na bei ikaporomoka. Kwa Kenya, ambayo imeipita Afrika Kusini kwa mauzo, dirisha zuri ni kabla ya meli za Peru, Februari hadi Aprili. Ndiyo maana kishawishi cha kuchuma machanga ni kikubwa, na serikali imekuwa ikifunga usafirishaji wa baharini kuanzia Novemba. Kipimo cha ukomavu ni rahisi: nyama ya tunda hukwanguliwa, zikapimwa gramu 10, zikakaushwa kwenye maikrowevu mpaka uzito uache kupungua. Kwa Hass zisipobaki gramu 2.1, tunda halijafika kima cha chini cha Ulaya. Litalainika kama mpira, wala halitaiva.

Mwishoni mwa 2023 mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizilazimu kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka takriban wiki mbili. Matunda yakafika yamelainika, nauli imepanda, na hasara ikateremka kwenye hesabu ileile ya kilichobaki. Wengine wakaelekeza macho China, iliyofungulia parachichi mbichi la Kenya na la Tanzania mwaka 2022. Kutoka Mombasa kwenda Shanghai hupiti Bahari ya Shamu. Ila Peru imo kwenye soko hilo tangu 2015.