Paka Amezaa Kabatini: Tufanye Nini na Watoto Wake?

AlhamduliLlaah. Hutokea paka asiye na mwenyewe akaingia ndani, asubuhi akakutwa kabatini juu ya nguo za Swalah, amezaa. Kwanza nguo: paka si najisi, wala mate yake, kama ilivyothibiti katika Hadiyth ya Abu Qataadah (Radhwiya Allaahu ‘anhu). Damu ya uzazi ndiyo najisi; ifuliwe, nguo itaswaliwa.

Linalotutia uchungu ni kuwatia watoto guniani na kwenda kuwatupa sokoni au ufukweni, ati wakajitafutie. Wajitafutie nini? Kitoto cha paka huzaliwa macho yamefumba, huyafumbua baada ya wiki moja au mbili, na kwa takriban wiki nne hakijui ila ziwa la mama. Kukitupa ni kukiua. Nasi sote tumesikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, hakumlisha wala hakumwacha ale wadudu wa ardhini. Wameipokea al-Bukhaariy na Muslim.

Hamlazimiki kumfuga. Muda huu mfupi tu, wekeni boksi lenye kanga kuukuu mahali pa utulivu, na watoto wasiwashikeshike, kwani mama akisumbuliwa atawahamisha. Mpeni yeye samaki na maji ya kutosha. Vitoto msivipe maziwa ya ng'ombe, huviharisha. Vikitimiza miezi miwili na vinakula vyenyewe, tafuteni wa kuwapa. Msikawie kupanga hilo: paka huweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha.

Na Allaah Anajua zaidi.