Triumph na oili yake: kosa halikuwa la gasketi

Pikipiki za Triumph zilizotoka kiwanda cha Meriden, karibu na Coventry, zilisifika kwa mambo mawili: mwendo kasi na kuvuja oili. La pili limefanyiwa utani kwa miaka mingi mpaka watu wameacha kuuliza lilianzia wapi. Waingereza wenyewe husema ukiona sakafu chini ya Triumph ni kavu, basi ndani hakuna oili. Lawama kawaida huiangukia gasketi, au fundi, au mashine chakavu za kiwandani. Mashine kweli zilikuwa chakavu. Lakini ukifuatilia jinsi injini ile ilivyotanuliwa hatua kwa hatua, utakuta mkosaji mkubwa ni hewa iliyo chini ya pistoni.

Injini yenyewe ni ya Edward Turner. Speed Twin ilitangazwa mwaka 1937 kama toleo la 1938: cc 499, silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, kipenyo cha milimita 63 na mwendo wa pistoni wa milimita 80. Ilikuwa nyembamba, nyepesi na ya kuvutia, na viwanda vingine vya Uingereza vilikuja kuiga mpangilio wake baadaye. Pistoni zake hupanda pamoja na kushuka pamoja. Hapo ndipo penye kisa. Zikishuka, zinasukuma karibu nusu lita ya hewa kuingia kwenye kasha la krankshafti, zikipanda, zinaivuta. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, jambo hilo linatokea zaidi ya mara 80 kila sekunde. Hewa iliyokosa mlango hutafuta ufa, na ikitoka haitoki peke yake, inabeba oili.

Triumph walilijua hilo. Waliweka kipumulio cha kisahani kinachozungushwa na ncha ya kamshafti ya valvu za kuingizia: tundu linafunguka pistoni zinaposhuka, linajifunga zinapopanda. Ni kazi ya akili kweli, na kwa cc 500 zisizo na haraka kilijitahidi. Tatizo ni kwamba wateja walikuwa na haraka.

Mahali pa kwanza palipozidiwa ni pale silinda inapokaa juu ya kasha. Bloku ya Speed Twin ya mwanzo ilishikwa na stadi 6, yaani skrubu ndefu zinazokazwa kwa nati. Ilipoletwa Tiger 100, toleo la 1939 lenye nguvu zaidi, zikawa 8. Baada ya vita soko kubwa likawa Marekani, na Wamarekani hawakutaka cc 500. Mwezi Septemba 1949 Triumph walipeleka Thunderbird tatu za cc 649 kwenye uwanja wa Montlhéry, Ufaransa, zikakimbia maili 500 kwa wastani uliozidi maili 90 kwa saa. Sasa kipenyo kilikuwa milimita 71 na mwendo milimita 82. Mwaka 1959 ikaja Bonneville, injini ileile ikiwa na kabureta mbili. Mwaka 1963 injini na gia zikawekwa ndani ya kasha moja, na hedi ikaongezewa stadi ya tisa katikati ya silinda mbili. Mwaka 1973 Bonneville ilipofika cc 744 kwa kipenyo cha milimita 76, hedi ikawa na kumi. Ukizihesabu stadi hizo unaisoma historia yote: kila nguvu ilipoongezwa, maungio yalilegea, na kiwanda kikajibu kwa kukaza zaidi.

Wakati huohuo kulikuwa na waliokuwa wametangulia cc 750 bila kungoja Meriden. Sonny Routt, Mmarekani, aliuza seti za bloku na pistoni kubwa. Mwaka 1970, sheria za mbio za AMA, chama cha waendesha pikipiki cha Marekani, ziliporuhusu injini za cc 750, waagizaji wa Triumph huko Marekani walifunga seti zake kwenye pikipiki kama 200 zilizoitwa T120RT, ili mashine hiyo ihesabike kuwa ya kuuzwa kwa umma na ikubalike mashindanoni. Uingereza nako, jina la Morgo likawa maarufu kwa biashara kama hiyo. Seti hizi zilileta raha na balaa kwa pamoja. Kipenyo kikitoka 71 hadi 76, ukuta kati ya silinda mbili unapungua, na gasketi inabaki na utepe mwembamba wa kukalia. Hewa ya chini nayo inaongezeka kwa karibu cc 100 kila mzunguko, ilhali mlango wa kutokea ni uleule.

Mwaka huohuo wa 1970 kiwanda kilifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la busara kuliko yote, na ambalo wauzaji hawakulipigia debe. Waliacha kisahani kile. Badala yake walitoboa matundu matatu madogo kutoka kwenye kasha la krankshafti kuingia kwenye kasha la mnyororo wa klachi, wakaondoa sili iliyokuwa katikati, kisha hewa ikatolewa juu nyuma kupitia mpira mnene. Kasha la mnyororo likawa chumba cha hewa kutulia: oili inadondoka humo, hewa inaendelea na safari.

Kwa wanaofufua mashine hizi leo, kuna pistoni kubwa za aina mbili, na ni makosa kuzichanganya. Ya kwanza ni ya kurekebisha uchakavu. Silinda iliyolika inachongwa, kisha inafungwa pistoni ya ziada ya inchi 0.020, yaani nusu milimita. Hapo ujazo unaongezeka kwa cc 9 tu, si kitu. Hata hivyo injini iliyokuwa kavu inaweza kuanza kutoa jasho la oili wiki hiyohiyo. Sababu ni ringi: hazijakaa vizuri, zinapitisha moshi wa mlipuko kwenda chini, na shinikizo la kasha linapanda. Silinda iliyochongwa ikang'aa kama kioo ndiyo mbaya zaidi. Inatakiwa iachiwe mikwaruzo midogo inayopishana, na mwanya wa ringi upimwe kwa fila geji. Kwa kipenyo cha milimita 71 ni kati ya inchi 0.010 na 0.014.

Aina ya pili, ya kutanua kabisa, inadai zaidi. Stadi za zamani huwa zimevuta alumini ya kasha ikavimba kuzunguka matundu. Usipoparaza uvimbe huo, bloku inakalia vilima vidogo na hakuna gasketi itakayoziba. Halafu kuna mirija ya pushirodi, inayosimama kati ya bloku na hedi ikiwa na mpira wa kuziba. Bloku mpya ikiwa na kimo tofauti kidogo, mirija inabadilika nayo. Fundi makini hupachika hedi bila kuikaza, kisha anapima mwanya ambao mirija na mipira yake inauacha kati ya hedi na bloku: unatakiwa uwe kama milimita 0.75 hadi 1. Ukizidi, mirija inaizuia hedi kukaa na gasketi inaungua. Ukipungua, oili inachuruzika mbele ya silinda, mahali palepale ambapo kila Triumph ya zamani ina doa.

Baada ya hayo yote bado kuna hewa. Wengi sasa hufunga kwenye mpira wa kipumulio valvu ya njia moja, inayotoa hewa bila kuiruhusu irudi. Kasha linakuwa na shinikizo dogo kuliko la nje, na oili iliyokuwa inasukumwa nje inavutwa ndani.

Honda walipoleta CB750 mwaka 1969, watu walisema havuji oili kwa sababu kasha lake lilikatwa kwa mlalo, na sifa hiyo ni ya haki. Ila ilikuwa na silinda nne: pistoni mbili zikishuka, mbili zinapanda, na hewa ya chini inahama tu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Injini ya silinda mbili ya Meriden haikuwahi kuwa na nafuu hiyo mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1983. Kwa hiyo wewe mwenye Triumph ya cc 650 unayetaka kuifikisha 750, fedha ya kwanza itumie kwenye kipumulio, na fundi akianza kwa kupaka silikoni kabla hajakigusa, mtafute mwingine.