Masizi Yenye Uzito wa 720

Kakamega tunajua mizani. Dhahabu ilivuta watu huku miaka ya 1930, na mchimbaji bado hubishana na mnunuzi juu ya kasehemu ka gramu. Ila mimi niliyeacha chuo njiani, mizani inayonikosesha usingizi ni ya Houston, Septemba 1985. Pale Chuo Kikuu cha Rice walipiga grafiti kwa leza, mashine ikapima kilichotoka: 720. Kaboni moja ni 12, basi atomi ni 60, zimejikunja kama mpira. Hiyo ndiyo fulerini. Hawakuwa na hata chembe ya kushika mkononi. Ushahidi wao ulikuwa mstari mmoja mrefu kwenye karatasi. Unga wenyewe ulitolewa kwenye masizi mwaka 1990.

Tangu hapo wanakemia huubandika huo mpira atomi nyingine, na uzito ndio huwaambia zimeshika ngapi. Ukiona 756, ni hidrojeni 36. Leza ikiwa kali mno zinabanduka, hesabu inakudanganya.

Nobeli ya 1996 walipewa Kroto, Curl na Smalley. Sheria ni watatu tu, sawa. Lakini waliohangaika na gesi ya heliamu wikendi ile, hadi 720 ikapita zingine zote, ni wanafunzi, wakiwemo James Heath na Sean O'Brien.